Jicho la Karibu Lisilo Kali: Kisa cha Lenzi ya Jupiter-8 kwenye Leica M3

Picha iliyozua kisa hiki ni ya mama yangu akiwa ameketi kando ya dirisha asubuhi, uso ameugeuza kidogo upande, hivi kwamba jicho lake moja limekaa mbele ya jingine kwa sentimita chache. Nilikuwa umbali wa mita 1, tundu la lenzi likiwa wazi kabisa kwenye f/2, na nilihakikisha kwamba taswira mbili za kope za jicho la karibu, ninazoziona katika kitazamio cha kamera, zimelaliana bila kuacha hata upana wa unywele kati yake. Nikafyatua mara nne. Filamu ilipokwisha kusafishwa, negativu zote nne zilisema jambo moja: jicho nililolilenga lilikuwa na utando, na jicho la nyuma, ambalo sikulilenga, lilikuwa kali kiasi cha nyusi zake kuhesabika.

Kamera ni Leica M3 iliyotengenezwa mwaka 1957, ambayo niliinunua bila lenzi. Lenzi ni Jupiter-8 ya milimita 50, ya Kisovieti, yenye namba ya usajili inayoanza na 58, tarakimu ambazo katika lenzi za nchi hiyo za miaka hiyo huonyesha mwaka wa kutengenezwa. Mlango wa lenzi hiyo ni wa hesi ya M39, ile iliyotumiwa na kamera za Leica kabla ya mwaka 1954, na kwa hiyo nilihitaji adapta ili kuiingiza kwenye bayoneti ya M, yaani mlango wa M3 usio wa hesi. Mpangilio huu ni wa kawaida kabisa kwa wakusanyaji wa kamera za renjifainda, zile zinazopima umbali kwa kulalisha taswira mbili, kwa sababu lenzi za Leitz, kampuni iliyotengeneza Leica, ni ghali na Jupiter-8 ina mchoro mzuri wa nyuso ambao wengi tunaupenda. Adapta ipo, hesi inaingia, rola ya kamera inaigusa pete ya lenzi, taswira mbili zinasogea na kulaliana. Kila dalili inamwambia mtumiaji kwamba vitu hivi viwili vimezaliwa pamoja. Nilikuwa nimepiga filamu tatu kwa mpangilio huo kabla ya picha ya dirishani, na sikuona kasoro yoyote.

Ukimya wa filamu hizo tatu una sababu. Shata ya M3 inaishia kwenye 1/1000 ya sekunde, na mtu anayetumia filamu ya ISO 400 juani hawezi kufungua tundu zaidi ya f/8 au f/11 bila kuiunguza negativu kwa mwanga. Kwenye matundu madogo namna hiyo kina cha ukali, yaani eneo la mbele na nyuma ya ulicholenga linaloonekana kali, ni kirefu, na kosa la sentimita chache humezwa humo lisionekane. Kasoro ya fokasi katika kamera ya aina hii huweza kukaa miezi kadhaa ikisubiri mwanga hafifu, tundu lililo wazi na uso ulio karibu. Ndiyo maana picha nzuri za mchana hazitoshi kuthibitisha kwamba kamera iliyonunuliwa ni nzima.

Ili kosa lenyewe lieleweke, ni lazima kwanza ieleweke kwamba kamera ya renjifainda haioni kupitia lenzi. Mpiga picha anatazama katika kitazamio chenye dirisha lake mwenyewe, na dirisha la pili, dogo, lililo upande mwingine wa uso wa kamera, linaleta taswira ya pili inayoweza kusogezwa. Katika M3 madirisha hayo mawili yametengana kwa milimita 68.5, na kwa kuwa kitazamio kinakuza kwa 0.91, msingi wa kupimia unaofanya kazi hasa ni takriban milimita 62, kipimo ambacho kamera chache za aina hii zimekifikia. Pete ya lenzi inapozungushwa, kishikio cha chuma nyuma yake kinasukuma rola iliyo ndani ya mlango wa kamera, rola inausogeza mkono, na mkono unaisogeza taswira hiyo ya pili. Kila kinachoonekana ndani ya kiraka cha kati kinatokana na msogeo wa rola hiyo. Kamera haijui lenzi inachora nini juu ya filamu. Inachojua ni kwamba rola imesogea kiasi fulani, nayo inaamini kwamba msogeo huo una maana ileile ambayo kiwanda cha Leitz kule Wetzlar kiliukusudia.

Sikuyafikiria haya kwa utulivu niliopaswa kuwa nao. Niliipeleka kamera kwa fundi, nikamweleza kwamba renjifainda imepotoka, naye aliamini maelezo yangu. Aliiweka juu ya stendi, akapima mita 1 kwa utepe, akatazama ukali kwa kioo kilichosagwa uso, kisha akarekebisha ekisenta ya mkono wa rola, sehemu inayozungushwa kwa bisibisi ili kusawazisha renjifainda, mpaka taswira mbili zikalaliana pale ambapo lenzi ilikuwa kali. Kwa jambo nililomwomba, kazi yake ilikuwa safi. Nilirudi nyumbani, nikapiga tena picha ya dirishani, na jicho la karibu likawa kali.

Wiki mbili baadaye nilipiga mandhari ya mbali wakati jua limekwisha kuzama, kwa f/2, nikilenga mlingoti ulio mbali sana. Nilipozungusha lenzi hadi mwisho wake, kwenye alama ya umbali usio na kikomo, taswira mbili za mlingoti zilipishana. Ili zilaliane ilinibidi niirudishe pete kidogo, mpaka kipimo cha umbali kikaonyesha kitu kisichozidi mita 30 hivi. Nilifuata renjifainda, kwa sababu ilikuwa imetoka kwa fundi, na picha zikatoka laini. Kisha rafiki akaniazima Summicron yake ya Leitz ya milimita 50, na kwa lenzi hiyo mambo yaligeuka kinyume: kwa mita 1 ukali ulikaa mbele ya jicho, kwenye ncha ya pua. Sasa nilikuwa na mwili mmoja wa kamera na lenzi mbili, moja ikiwa sahihi karibu na yenye kosa mbali, nyingine ikiwa na kosa kila mahali.

Hapo ndipo nilipoacha kurekebisha na kuanza kupima, hatua ambayo ilistahili kutangulia. Niliifungua M3 chini na kuinua kifuniko cha nyuma, nikalaza kipande cha kioo kilichosagwa uso juu ya reli za ndani, zile ambazo filamu hupita juu yake, uso uliosagwa ukielekea lenzi. Shata niliiweka kwenye B na kuishikilia wazi kwa waya wa kufyatulia wenye kufunga. Mbele ya kamera niliweka rula ndefu iliyolazwa mshazari, yenye alama nene katikati, na umbali niliupima kutoka kwenye usawa wa filamu, kwa kuwa mizani ya umbali ya lenzi huhesabiwa kutoka hapo. Nilitazama kioo kwa lenzi ya kukuzia. Kila kipimo nilikirudia mara tatu, kila mara nikiiondoa fokasi kabisa na kuilenga upya, kwa sababu jicho likishajua jibu hujidanganya kirahisi.

Mshukiwa wa kwanza alikuwa mwili wa kamera, nao ulipaswa kupimwa kwa lenzi ya ukoo wake. Nilirudisha ekisenta ya mkono wa rola mpaka Summicron, ikiwa kwenye kikomo chake, ikalalisha taswira mbili za mwezi bila pengo. Kisha nikaipima kwa mita 1, mita 1.5 na mita 3, na kila mara ukali ulikaa juu ya alama nene ya rula. Kwa kipimo hicho M3 ilitoka katika orodha ya washukiwa. Haikuwa imepotoka tangu mwanzo. Sisi ndio tuliipotosha, mimi kwa maelezo na fundi kwa bisibisi.

Adapta ilifuata. Masafa kutoka uso wa mlango hadi filamu ni milimita 28.8 katika mfumo wa hesi na milimita 27.8 katika mfumo wa M, kwa hiyo adapta halali lazima iwe na unene wa milimita 1 kamili. Yangu ilikuwa na unene huo nilipoipima kwa mikrometa, katika sehemu nne za mzunguko wake. Hata hivyo kuna hoja yenye nguvu zaidi ya mikrometa: adapta mbovu huonekana kwanza kwenye umbali usio na kikomo, mahali ambapo Jupiter-8 ilikuwa kali kabisa ilipozungushwa hadi kikomo chake. Hoja hiyohiyo ilimwondoa mshukiwa wa tatu, yaani lenzi iliyofunguliwa zamani na kufungwa vibaya. Jupiter-8 nyingi zimepitia mikono mingi, na si ajabu kukuta moja iliyopoteza pete yake ya kujazia au iliyoazima vioo kutoka kwa lenzi nyingine, lakini lenzi ya namna hiyo isingekuwa kali kwenye mwezi ilipofika kwenye kikomo chake.

Vipimo vya Jupiter-8 juu ya M3 iliyorekebishwa vilikuwa na mpangilio ulionivutia sana. Kwa umbali usio na kikomo hapakuwa na kosa. Kwa mita 3 kosa lilikuwepo lakini ndani ya kina cha ukali. Kwa mita 1.5 lilikuwa ukingoni. Kwa mita 1, umbali mfupi kabisa ambao lenzi hii inaweza kulenga, ukali ulikaa takriban sentimita 3 nyuma ya alama. Kosa linaloanzia sifuri kwenye umbali usio na kikomo na kukua hatua kwa hatua kadiri unavyosogea karibu lina maana moja: lenzi na kamera zinakubaliana mahali pa kuanzia, lakini hazikubaliani kuhusu urefu wa hatua.

Maelezo yake yanarudi nyuma hadi mwaka 1932, mwaka ambao Leica II ya Leitz na Contax ya kwanza ya Zeiss Ikon zilitoka, zote mbili zikiwa na renjifainda iliyounganishwa na lenzi. Kila kampuni ilichagua kipimo chake. Lenzi iitwayo ya milimita 50 haikuwa na urefu wa fokasi (masafa ya lenzi hadi filamu inapolenga mbali kabisa) wa milimita 50 hasa: Leitz walijenga mfumo wao juu ya milimita 51.6, na Zeiss juu ya takriban milimita 52.4. Katika Leica, lenzi yenye urefu wa 51.6 inaisukuma rola kwa kiasi kilekile inachosogea yenyewe, na lenzi za urefu mwingine hukatiwa hesi au kishikio cha kusawazisha tofauti. Leitz walikuwa makini katika jambo hili kiasi kwamba kwenye lenzi nyingi waliandika namba ndogo ya tarakimu mbili inayoonyesha urefu halisi wa lenzi hiyo moja.

Jupiter-8 ni mtoto wa nyumba nyingine. Mchoro wake ni wa Sonnar ya f/2, lenzi iliyobuniwa na Ludwig Bertele kwa ajili ya Contax, na baada ya Vita Kuu ya Pili mitambo na ujuzi wa Zeiss vilichukuliwa na Wasovieti. Kutokana navyo zilizaliwa kamera za Kiev kule kiwanda cha Arsenal na lenzi za ukoo wa Jupiter. Sonnar hiyo ilipovalishwa hesi ya M39 kwa ajili ya Zorki na FED, kamera ambazo asili yake ni nakala za Leica, ilikuja na urefu wake wa Zeiss. Hesi ni ya Leica, vioo ni vya Contax.

Tofauti ya milimita 0.8 inaonekana ndogo, lakini hesabu yake si ndogo. Kwa kitu kilicho mita 1 kutoka kwenye filamu, lenzi ya 51.6 inapaswa kutoka mbele milimita 2.98, na lenzi ya 52.4 inapaswa kutoka milimita 3.08. Rola ya M3 inapofika 2.98 inatangaza kwamba kazi imekwisha, taswira zinalaliana, na Jupiter inabaki na upungufu wa sehemu ya kumi ya milimita. Upungufu huo juu ya filamu unahamisha ukali hadi mita 1.03 mbele ya kamera, na hiyo ndiyo sentimita 3 niliyoiona kwenye rula. Kwenye f/2 kina cha ukali kwa mita 1, kwa kipimo cha kawaida cha duara la ukungu (doa kubwa kabisa ambalo jicho bado huliona kama nukta) la milimita 0.03, ni takriban sentimita 2 kila upande. Jicho la karibu la mama yangu lilikuwa nje ya mpaka huo, na la nyuma lilikuwa ndani yake.

Hesabu hiyohiyo inaeleza madhara ya matengenezo ya kwanza. Kuirekebisha kamera ili ikiri 3.08 kwa mita 1 kulimaanisha kuiongezea 0.1 katika umbali wote, ikiwemo mwezi. Lenzi iliyotoka 0.1 mbele ya kikomo imelenga takriban mita 27, na hapo ndipo ulipotoka ulaini wa mandhari ya jioni. Summicron nayo, ambayo ilihitaji 2.98 tu, ilisukumwa mbele na kulenga sentimita 97 badala ya mita 1. Kamera moja haiwezi kusemeshwa lugha mbili kwa wakati mmoja, na anayeipindisha kwa ajili ya lenzi moja ya kigeni anazikosesha lenzi nyingine zote zitakazokuja.

Kwa kuthibitisha, niliazima Zorki-4 na kuifunga Jupiter hiyohiyo moja kwa moja kwenye hesi yake. Kazi ilikuwa rahisi, kwa kuwa mgongo wote wa Zorki-4 hutoka pamoja na kitako na kuacha reli wazi. Kwa mita 1 ukali ulikaa juu ya alama. (Anayeazima kamera hii akumbuke kwamba piga ya kasi ya shata haiguswi kabla shata haijavutwa, kuizungusha mapema huweza kuharibu mitambo ya ndani, na Zorki nyingi zilizokufa zimekufa hivyo.)

Baada ya kujua chanzo, njia za kutokea zilikuwa kadhaa na hazikuwa na uzito sawa. Kulenga kisha kurudi nyuma sentimita 3 kwa kukisia ni mchezo ambao mwili wa binadamu aliyesimama hauwezi kuucheza kwa uhakika. Kuitumia lenzi kwa f/5.6 na kuendelea kunafanya kazi, kwa sababu hapo kina cha ukali kinakuwa zaidi ya sentimita 5 kila upande, lakini kunamnyima mtu ule mchoro wa f/2 ambao ndio sababu ya kuipenda Sonnar. Kuiacha iishi kwenye Zorki ni jibu la heshima zaidi, na kwa mkusanyaji anayetaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani ningependekeza hilo bila kusita.

Mimi ninazikusanya kamera hizi ili nipige nazo, na nilitaka lenzi hii kwenye M3. Kundi la vioo la Jupiter-8 hufunguka likiwa zima kutoka kwenye gamba lake, na kati yake na gamba kuna pete nyembamba ya kujazia inayoamua masafa ya vioo kutoka kwenye filamu. Ningeongeza pale milimita 0.1 kamili, mita 1 ingekuwa sahihi na mwezi ungekuwa laini kwenye f/2, ukipona tu kwenye f/4. Watu wanaopiga nyuso peke yake huchagua hivyo, nami nawaelewa. Niliongeza nusu yake, 0.05, kwa pete iliyokatwa kutoka bamba jembamba la shaba. Kosa la mita 1 linapungua hadi takriban sentimita 1.4 nyuma, kosa la umbali usio na kikomo linakuwa 0.05 juu ya filamu, na yote mawili yanabaki ndani ya duara la 0.03 hata kwenye f/2. Mahali pa usahihi kamili pamehamia kati ya mita 1.5 na mita 2, ambapo mtu hupiga picha ya mtu aliyeketi.

Gharama moja ilijitokeza. Kwa kuwa vioo vimekaa juu kidogo, kundi lake linaishia kukaza kabla ya pale lilipokuwa likiishia, na alama ya tundu haikai tena juu kabisa bali imeegemea upande. Ningeweza kutoboa mashimo mapya ya skurubu ndogo zinazolizuia, lakini sikutaka kutia jeraha lisilofutika kwenye lenzi ya mwaka 1958. Nimeizoea alama ilipo.

Picha ya dirishani niliirudia mwezi uliofuata, kwa mwanga uleule na umbali uleule, nikilenga jicho la karibu. Safari hii jicho hilo ni kali, ingawa ukitazama kwa lenzi ya kukuzia utaona ukali wa juu kabisa umekaa nyuma yake kidogo, kama hesabu ilivyotabiri. Ndani ya mfuniko wa lenzi nimebandika karatasi inayosema kwamba pete ya 0.05 imeongezwa kwa ajili ya Leica, kwamba ikiondolewa lenzi inarudi kama ilivyokuwa, na kwamba anayetaka kuifunga kwenye Zorki au FED aiondoe kwanza, kwa kuwa huko sasa italenga mbele ya jicho.